Kutoka Mombasa Hadi Kisumu kwa Ndege: Maili Ngapi, na Saa Ngapi?

Msomaji na amfikirie karani wa bandarini Mombasa, mtu wa Kano, ambaye kwao si mbali na Ahero. Siku ya Ijumaa, saa tatu asubuhi, simu yalia. Baba yake mdogo, yule aliyemlipia karo ya shule mpaka akamaliza masomo, atazikwa kesho Jumamosi saa nne asubuhi. Mazishi yalikuwa yafanywe juma lijalo, lakini wazee wamekubaliana vingine, nao wataka karani awepo kabla maiti haijatolewa nyumbani.

Karani atazama kazi iliyorundikana mezani, atazama na saa iliyo ukutani, kisha ajiambia moyoni: "Hapana haja ya kuomba ruhusa leo. Ndege huenda Kisumu kwa muda wa saa moja u nusu tu. Nitaondoka kesho alfajiri, na jua litakapokuwa limepanda kidogo nitakuwa nyumbani."

Je, hesabu yake ni sawa? Wako watu wengi wafanyao hesabu ya namna hiyo, na baadhi yao wamefika nyumbani na kukuta kaburi limekwisha kufunikwa. Hawakuwa wajinga, wala ndege haikuwadanganya. Walijua urefu wa njia, na walijua mwendo wa ndege. Ila hawakuhesabu mambo mengine yaliyo kati ya mlango wa nyumba moja na mlango wa nyumba nyingine. Kwa hiyo yafaa kulichunguza jambo hili tangu mwanzo wake.

UREFU WA NJIA

Mtu aliyesoma hesabu shuleni aweza kuupima umbali wa Mombasa na Kisumu kwa ramani na kalamu tu, bila kumwuliza rubani. Uwanja wa ndege wa Kisumu uko kusini kidogo ya Ikweta, kwa dakika 5 za digrii, na uwanja wa Mombasa uko kusini ya Ikweta kwa digrii 4 na dakika 2. Tofauti yake ni digrii 3 na dakika 57, yaani dakika 237. Kwa upande wa mashariki, Kisumu iko katika digrii 34 na dakika 44, na Mombasa katika digrii 39 na dakika 36. Tofauti ni digrii 4 na dakika 52, yaani dakika 292.

Hapa ndipo penye faida. Dakika moja ya digrii kutoka kaskazini kwenda kusini ni sawa na maili moja ya baharini, ambayo ni mita 1,852. Na mahali palipo karibu na Ikweta, dakika moja ya kwenda mashariki au magharibi ni karibu sawa na hiyo. Maili hii ndiyo itumiwayo na mabaharia na marubani pia. Basi kuna pembetatu yenye pande mbili, maili 237 na maili 292, na kinachotafutwa ni upande wa tatu. Kwa kanuni ile ya Pythagoras, 237 mara 237 ni 56,169, na 292 mara 292 ni 85,264. Jumla yake ni 141,433, na kipeo chake cha pili ni kama 376. Hizo ni maili za baharini. Kwa kilometa ni karibu 696, na kwa maili za kawaida za nchi kavu ni kama 432.

Umbali huo ni wa mstari ulionyoka, kama uzi uliovutwa kutoka ziwani mpaka baharini. Reli iliyofika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, wakati mji huo ulipoitwa Port Florence, ilikuwa na urefu wa karibu maili 580 kutoka Mombasa. Tofauti ya maili 150 hivi si kosa la wajenzi. Gari la moshi haliwezi kupanda ukuta. Lazima lizunguke na kujipindapinda. Reli ilipanda kutoka pwani mpaka nyanda za juu, ikashuka katika Bonde la Ufa, ikapanda tena milima ya Mau mpaka mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya futi 8,000, kisha ikateremka ziwani. Ndege hupita juu ya hayo yote kwa mstari mmoja.

SAFARI YA ZAMANI

Kabla ya reli, msafara wa wachukuzi uliotoka pwani kwenda ziwani ulihesabu njia kwa miezi. Reli ilipokwisha kujengwa, miezi ikawa siku. Ndege ilipokuja, siku zikawa saa.

Vijana wengi hawajui ya kuwa Kisumu ilikuwa kituo kikubwa cha ndege tangu zamani sana. Tarehe 28 Februari 1931, kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianza safari za kutoka London kwenda Afrika ya Mashariki, na njia yake ilipita Misri na Sudan, ikafika Kisumu na kuishia Mwanza. Mwaka 1932 njia hiyo iliendelezwa mpaka Cape Town. Ndege zilizotoka Khartoum kuja Kisumu zilikuwa zile zenye umbo la mashua, ambazo hutua majini kama bata.

Kisha katika mwaka 1937 zilikuja ndege mashua kubwa zaidi, zilizokwenda mpaka Durban. Hizo hazikuweza kutua Nairobi, kwa kuwa Nairobi hakuna maji ya kuzitosha. Kwa sababu hiyo ziliondoka Kisumu katika ghuba ya ziwa, zikaruka moja kwa moja mpaka Mombasa, zikatua baharini. Mwendo wake wa kawaida ulikuwa kama maili 165 kwa saa. Msomaji akigawanya 432 kwa 165 ataona kwamba safari ya angani ilikuwa ya saa mbili na zaidi ya nusu. Ajabu yake ni kwamba abiria wa mwaka 1937 aliyepanda Kisumu alifika Mombasa bila kubadili chombo, na hali abiria wa siku hizi mara nyingi hushuka Nairobi na kungoja ndege nyingine.

Vita vilipokwisha, Shirika la East African Airways lilianza kazi mwaka 1946 kwa ndege ndogo za mabawa mawili mawili, kisha likatumia Dakota na nyingine kubwa zaidi. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977. Katika miaka hiyo Nairobi ilikuwa imekwisha kuwa kitovu cha safari zote, kama kitovu cha gurudumu. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, na njia za angani zikaelekea huko.

NDEGE HUCHUKUA MUDA GANI?

Ndege za mapanga mawili zitumiwazo sana katika safari za ndani ya nchi huweza kwenda maili za baharini zaidi ya 300 kwa saa zikiwa juu. Ikiwa wastani wake ni 300, maili 376 zitakwisha kwa saa moja na dakika 15. Lakini wakati ulioandikwa katika tikiti utakuwa mrefu kuliko huo, labda saa moja na dakika 25 au zaidi, na sababu zake ni hizi.

Kwanza, saa ya safari haianzi ndege iinukapo. Huanza magurudumu yake yaanzapo kuzunguka mlangoni pa kituo, na huisha yasimamapo mlangoni pa kituo cha pili. Kati ya hapo, ndege hutembea ardhini kama gari mpaka mwisho wa njia yake, nayo hungoja zamu ikiwa nyingine inatua.

Pili, ndege haifikii mwendo wake mkubwa mara moja. Ipandapo huenda polepole, na ikaribiapo kutua hupunguza mwendo. Mombasa iko karibu sawa na usawa wa bahari, na uwanja wa Nairobi uko juu kwa mita 1,600 na zaidi, na Kisumu kwa mita 1,150 hivi. Kwa hiyo ndege itokayo pwani ina kazi kubwa ya kupanda na kazi ndogo ya kushuka. Irudipo pwani, mambo hugeuka.

Tatu, kuna upepo. Mkulima ajua kwamba mtumbwi uendao pamoja na maji hufika upesi kuliko uendao kinyume chake. Ndege nayo huogelea katika hewa, na hewa yenyewe hutembea. Katika nchi hizi upepo wa juu mara nyingi hutoka upande wa mashariki. Tuseme upepo una nguvu ya maili 20 kwa saa, nao wavuma sawasawa na njia. Ndege iendayo Kisumu itasaidiwa, na mwendo wake juu ya ardhi utakuwa 320; itafika kwa dakika 70. Ile irudiyo Mombasa itakuwa na mwendo wa 280, na itachukua dakika 80. Ndege ni ile ile na umbali ni ule ule, lakini tofauti ni dakika 10.

Nne, njia ya angani haikunyoka kabisa kama uzi. Ndege hufuata njia zilizopangwa, huinuka na kutua kwa kuelekea upepo utokako, na rubani huzunguka wingu la radi anapoliona. Wakazi wa kando ya ziwa wajua jinsi mvua za radi zinavyokusanyika huko wakati wa alasiri.

Mtu aweza kuuliza kama ndege ya jeti, iliyo na mwendo mkubwa zaidi, itampunguzia sana muda huo. Jibu ni kwamba itampunguzia kidogo tu. Hata kama wastani wake ni maili 400 kwa saa, itaokoa chini ya dakika 20 katika njia fupi kama hii. Dakika hizo aweza kuzipoteza zote akingojea mkoba wake.

KILOMETA SABA NA SAA MOJA U NUSU

Sasa ni hapa ambapo hesabu ya karani yaanza kuharibika. Siku nyingine ndege ya moja kwa moja haipatikani kwa saa aitakayo mtu, na msafiri hana budi kupitia Nairobi. Je, kuzunguka huko ni kwa mbali?

Kutoka Mombasa mpaka uwanja mkubwa wa Nairobi ni karibu kilometa 422 kwa njia ya angani. Kutoka hapo mpaka Kisumu ni karibu kilometa 280. Jumla ni 702. Njia ya moja kwa moja ilikuwa 696. Yaani Nairobi iko karibu sawasawa juu ya ule uzi uliovutwa kutoka bahari mpaka ziwa, na anayepita huko huongeza kilometa sita au saba tu. Ni umbali ambao mtoto wa shule huutembea asubuhi na kurudi jioni.

Lakini kwa saa, mambo ni mengine. Ndege ya kwanza lazima itue, abiria washuke, ndege ya pili itayarishwe, watu waitwe, mizigo ipakiwe. Kungoja kwa saa moja u nusu si jambo la ajabu, na mara nyingine ni zaidi. Hivyo kilometa saba zimemla mtu saa moja u nusu. Haya ndiyo yaliyomo katika suala hili lote: ramani hupima maili, lakini mtu huishi kwa saa, na vipimo hivi viwili havilingani.

SAA YA KISWAHILI NA SAA YA TIKITI

Kuna shimo jingine ambalo wengi wameanguka ndani yake. Tikiti ya ndege huandikwa kwa saa za kuanzia usiku wa manane, moja mpaka 24. Mswahili huhesabu saa zake tangu kuchwa kwa jua na tangu kuchomoza kwake. Ndege iliyoandikwa 06:30 haiondoki saa sita u nusu, bali saa kumi na mbili u nusu asubuhi. Iliyoandikwa 13:40 huondoka saa saba na dakika arobaini mchana. Iliyoandikwa 19:00 ni ya saa moja jioni. Kanuni ni rahisi: ondoa sita, na ikiwa jibu lapita kumi na mbili, ondoa kumi na mbili tena. Ikiwa namba ya tikiti yenyewe ni sita au chini yake, ongeza sita badala ya kuondoa.

Abiria mwenyewe aghalabu hakosei. Makosa hutokea katika ujumbe. Mtu huandika kwa simu, "Nitafika saa 9:50," akiwa amenakili namba iliyo katika tikiti. Ndugu zake nyumbani husoma saa tisa na dakika hamsini alasiri, nao humwacha mwenye gari aende sokoni kwanza. Mgeni husimama uwanjani saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, akitazama kila gari lipitalo. Dawa yake ni kuongeza neno moja tu: asubuhi, mchana, jioni au usiku.

HESABU YA KARANI

Basi na tumrudie karani wetu, na safari yake ipimwe kutoka mlango hadi mlango. Yeye akaa Kisauni. Ndege yake ya Jumamosi ni ya saa kumi na mbili u nusu asubuhi. Kaunta hufungwa mapema, kabla ndege haijaondoka, na kuna ukaguzi wa mizigo na wa mwili. Kwa hiyo hana budi kutoka nyumbani saa kumi alfajiri, avuke daraja la Nyali, apite kisiwani na Makupa, afike uwanjani saa kumi na moja kasorobo.

Ndege yafika Nairobi saa moja u nusu. Ya pili yaondoka saa tatu, nayo yafika Kisumu saa nne kasoro dakika kumi. Mpaka apate mkoba wake na kutoka nje, ni saa nne na robo. Uwanja wa Kisumu uko upande wa kaskazini-magharibi ya mji, na kwao ni upande wa pili, kupita mji wote na kuendelea mpaka Ahero, kisha njia ya vumbi. Hiyo ni saa moja nyingine. Atabisha hodi nyumbani saa tano na robo, na mazishi yalikuwa saa nne.

Safari yote ni ya saa saba na robo, na katika hizo alikaa ndani ya ndege kwa saa mbili kasoro dakika kumi, yaani robo tu ya safari. Robo tatu zilizobaki alikuwa ardhini.

Hata kama angaliipata ndege ya moja kwa moja iondokayo saa ile ile, angalifika Kisumu karibu saa mbili asubuhi, na nyumbani saa tatu na dakika ishirini. Angaliwahi, lakini kwa dakika 40 tu. Ukungu wa asubuhi au gari bovu njiani vyaweza kuzila dakika hizo bila kumwuliza.

Sasa na atazamwe jirani yake ambaye hakuwa na nauli ya ndege. Huyo alipanda basi siku ya Ijumaa saa kumi alasiri. Alisafiri usiku kucha kwa njia ya Nairobi, Nakuru na Kericho, umbali wa kilometa 800 na zaidi kwa barabara. Hakulala vema, na miguu ilimvimba. Lakini barabara ya kutoka Kericho kwenda Kisumu hupita Ahero, na huko ndiko alikoshuka, karibu saa mbili asubuhi. Alipata nafasi ya kuoga, kunywa chai na kukaa na wafiwa. Chombo cha polepole kimemtangulia mwenye chombo cha upesi kwa zaidi ya saa mbili.

Hii si sababu ya kudharau ndege. Kama karani angaliomba ruhusa ile ile Ijumaa adhuhuri na kupanda ndege ya alasiri, angalilala nyumbani usiku huo, akaamka pamoja na jamaa zake akiwa na nguvu za kuchimba na kubeba. Kwa mwenye fedha, hiyo ndiyo njia iliyo bora kuliko zote. Na mwenye kutaka nauli nafuu zaidi aweza kushika reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, ambayo humfikisha Nairobi kwa saa tano au sita, ingawa kutoka hapo safari ya pili yaanza. Njia njema zilikuwepo, na iliyokuwa mbaya ni moja tu: ile ya Jumamosi alfajiri kwa kupitia Nairobi. Nayo ndiyo iliyompendeza karani, kwa sababu alitazama muda wa ndege akasahau muda wa safari.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Msafiri mwenye busara huanza kuhesabu kutoka mwisho. Huuliza kwanza: yanipasa kuwa mlangoni saa ngapi? Kisha hurudi nyuma: muda wa kutoka uwanjani mpaka nyumbani, muda wa kungoja mizigo, muda wa ndege, muda wa kungoja Nairobi ikiwa ni lazima, muda wa ukaguzi, na muda wa kufika uwanjani. Baada ya hayo huongeza saa moja ya akiba, kama mkulima awekavyo debe moja la mahindi kando kwa ajili ya mwaka mbaya.

Vilevile huuliza bila haya kama ndege ni ya moja kwa moja au ya kubadili, na kaunta hufungwa saa ngapi. Kuuliza si ujinga. Mwenye kukata tikiti hulipia pia haki ya kujibiwa.

Kati ya bahari na ziwa ni kilometa 696, nazo hazikuongezeka wala kupungua tangu siku za misafara. Binadamu amezipunguza saa zake kutoka miezi mpaka asubuhi moja, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini aliye na mzee wa kumzika, mgonjwa wa kumwona au shauri la kuitikia mahakamani hatahukumiwa kwa maili alizopita, ila kwa saa aliyofika. Wazee walikwisha kusema: chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.